Kikombe Alichokikataa Mwantum

Siku ya kwanza ya masomo ya masta, mwalimu Lisette aliwaomba wanafunzi wake kumi na wanne waseme kila mmoja jina lake na kilichomleta. Darasa lilikuwa ghorofani, madirisha wazi, na joto la mwezi wa kumi lilikuwa limekwisha kuwalegeza wote. Muuguzi mmoja alisema anataka kuwasaidia vijana. Mchungaji alisema Mungu amemwita. Ofisa wa wizara alisema wizara imemtuma. Ikafika zamu ya mwanamke aliyekaa karibu na mlango, mwenye kitenge cha kijani na mtandio mweusi.

"Naitwa Mwantum binti Rachidi. Ni mutoto wa Buyenzi, sasa nakaa Mutakura. Nilitumia boosta miaka mitano. Nimeacha miaka tisa. Kazi hii ya kusikiliza watu naifanya tayari, kule mitaani, na chama chetu. Nimekuja kutafuta karatasi, juu bila karatasi hakuna mutu ananisikia."

Boosta ndilo jina la heroini mjini Bujumbura, na hakuna aliyekuwa halijui. Mchungaji akavuta kiti chake upande wa pili, kidogo tu, lakini kila mtu alisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.

"Usiende mbali sana, Mchungaji," Mwantum akamwambia. "Hii haiambukizi kwa kukaa."

Lisette alicheka peke yake. Alikuwa mwanasaikolojia mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, sauti ya chini, aliyekuwa akifanya kazi asubuhi katika kituo cha afya cha Ngagara na kufundisha mchana. Aliandika kitu katika daftari lake, akasema, "Karibu. Anayefuata."

Hivyo ndivyo Mwantum alivyoanza. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Mwaka wa kwanza aliumaliza wa tatu darasani, na mwishoni hata mchungaji alikuwa akimpigia simu usiku wa kuamkia mtihani ili amweleze tofauti ya kutegemea dawa kwa mwili na kuitegemea kwa moyo.

Shida ilikuja mwaka wa pili, wakati wa staji.

Staji ni mazoezi ya kazi. Kila mwanafunzi alitakiwa kukaa saa mia sita katika kituo cha kuwatibu waraibu, akiongea na wagonjwa chini ya macho ya mtu mwenye uzoefu, na kila mazungumzo ayaandike katika karatasi iliyochapishwa waliyoiita fishi. Saa zikitimia na fishi zikisainiwa, ndipo mwanafunzi anaruhusiwa kutetea tasnifu yake. Mwantum alipelekwa katika nyumba moja kule Carama, ukingoni mwa jiji, mahali ambapo barabara ya lami huisha na mashamba ya mihogo na mpunga huanza. Ilikuwa nyumba mpya, yenye ukuta mrefu na maua ya bugenvilia. Mkurugenzi wake aliitwa Jovithe, mtu nadhifu, shati jeupe kila siku, aliyependa kuwatembeza wageni na kuwaonyesha bustani ya mboga ambayo wagonjwa waliilima.

Nyuma ya bustani palikuwa na chumba kimoja ambacho wageni hawakuonyeshwa. Mlango wake ulikuwa wa chuma, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao, limeachiwa upenyo wa vidole vitatu. Wafanyakazi walikiita chumba cha utulivu.

Wiki ya tano, Mwantum alikabidhiwa mgonjwa aitwaye Marwa, binti wa miaka ishirini na minne. Aliuliza mgonjwa yuko wapi. Mlinzi akamwonyesha kwa kidevu.

"Nifungulie basi."

"Ufunguo anao Mukurugenzi. We zungumza naye hapo hapo. Wenzako wote wanazungumza hapo hapo."

Mwantum aliusogelea mlango. Chini palikuwa na nafasi, na katika nafasi ile ilitoka pumzi ya mtu na harufu ya matapishi. Akaketi chini, kwenye saruji, mgongo ukutani, akainamisha kichwa.

"Marwa? Naitwa Mwantum. Ni mushauri, niko bado najifunza. Unataka tuongee, ao unataka nikae tu?"

Ikaja sauti kavu: "Dada, leo siku ya ngapi?"

"Siku ya ngapi tangu lini?"

"Tangu waniweke humu. Nilihesabu mpaka sita, halafu nikapotea."

Mwantum alitazama kwenye fishi. Zilikuwa siku tisa. Hapo mguu wake wa kushoto ukaanza kuuma, juu ya kifundo, mahali ambapo hapakuwa na kidonda tena.

Maana yeye pia alikuwa amefungwa. Baba yake, Muzee Rachidi, fundi wa magari aliyejulikana Buyenzi nzima, mtu wa safu ya kwanza msikitini, alimtia mnyororo mguuni alipokuwa na miaka ishirini na sita, akaufunga kwenye bloku la injini ya lori nyuma ya gereji. Siku kumi na moja. Alimlisha uji kwa mkono wake, alimsomea Kurani, alilia mbele yake. Majirani walipita wakamsifu: hivyo ndivyo baba anavyompenda mtoto. Siku ya kumi na mbili alimfungua, na kabla ya adhuhuri Mwantum alikuwa amekwisha kuvuta. Kilichomwachisha baadaye hakikuwa mnyororo. Kilikuwa nesi mmoja wa zahanati, aliyemsafisha kidonda cha mkono kila Jumatatu kwa miezi saba bila kumuuliza hata mara moja ataacha lini, mpaka Jumatatu moja Mwantum akauliza mwenyewe: na mutu akitaka kuacha, anaanzia wapi?

Basi alikaa na Marwa saa nzima, mlango katikati yao. Alimuuliza kuhusu maji, kuhusu usingizi, kuhusu ndoo. Marwa alikuwa akipewa maji mara mbili kwa siku. Alikuwa ameomba kutoka mara nyingi, na kila alipoomba waliandika kwamba anapinga matibabu, na siku zikaongezwa.

"Nani alikuleta?"

"Baba. Alisaini yeye. Mama anajua niko hapa, lakini hajui niko *hapa*."

"Nikienda kumwambia mama yako, unakubali? Bila ruhusa yako siendi."

Vidole viwili vilitokeza chini ya mlango, vichafu, kucha zimevunjika. Mwantum alivigusa.

"Mwambie," Marwa akasema.

Kabla ya kwenda popote, Mwantum alijaza fishi yake, kama alivyofundishwa. Mahali palipoandikwa "Mazingira ya mazungumzo" aliandika: *Mazungumzo yamefanyika kupitia mlango wa chuma uliofungwa kwa kufuli. Mgonjwa ni mtu mzima. Ameomba kutoka. Hajafunguliwa.* Akaipeleka ofisini isainiwe.

Jovithe aliisoma amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena.

"Madamu Mwantum, hapa andika 'katika chumba cha ushauri'. Ni neno dogo tu."

"Si neno dogo. Sikuwa katika chumba cha ushauri. Nilikuwa chini, kwenye saruji."

"Baba yake amesaini."

"Marwa ana miaka ishirini na minne, Mukurugenzi. Hajafungwa na mahakama, na hana kichaa. Baba yake anaweza kusaini barua ya ndoa yake, hawezi kusaini kufuli."

Jovithe alitabasamu kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Nyinyi muliopitia mambo haya, mnakuwa na moyo mwepesi. Munajiona ndani ya kila mugonjwa. Wamewafundisha jina la hali hiyo huko chuoni, sivyo? Mi nimefungua nyumba hii miaka minane. Wamama wanakuja kunibusu mikono."

"Basi mama wa huyu nitamuuliza kama naye anataka kukubusu mikono," Mwantum akajibu, akachukua fishi yake bila saini.

Aliandika barua kwa chuo siku ile ile, kurasa mbili, akaipeleka kwa mkono wake hadi ofisi ya Profesa Moubarak, msimamizi wa masta. Kisha akaenda mjini, kwenye duka la vitambaa la Hamoud, baba yake Marwa.

Hamoud na mkewe Jokha walikuwa watu wa zamani wa mji. Babu zao walitoka Omani, na duka lile lilikuwa limeuza vitambaa vya harusi kwa vizazi vitatu. Hamoud hakuwapo, Jokha alikuwa nyuma ya meza, mama mnene mwenye miwani, akikunja hariri; mjini wote walimwita Mama Bader, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mama Bader, naomba dakika tano. Ni habari ya Marwa."

Mikono ya Jokha haikusimama. "Marwa yuko Maskati kwa shangazi yake. Anarudi baada ya Idi."

"Mama, nimetoka kuongea naye leo asubuhi. Yuko Carama."

Hapo mikono ilisimama. Jokha alitazama mlangoni, wateja wawili walikuwa wakichagua rangi, akashusha sauti. "Nani amekutuma? Unataka nini kwetu?"

"Nimetumwa naye. Mi niko stajeri pale. Sikuja kuwaaibisha. Nimekuja kukuambia kwamba mutoto wako amefungiwa kwenye chumba cha giza siku tisa, ananyweshwa maji mara mbili kwa siku, na ndoo yake inamwagwa mara moja. Ameniruhusu nikwambie. Basi. Sasa unajua."

"Muongo wewe. Wanalima mboga pale. Nimeona picha."

"Mboga ziko. Nyuma ya mboga kuna mlango wa chuma."

Jokha alimwambia atoke. Mwantum alitoka. Alirudi Mutakura kwa miguu, kwani petroli ilikuwa haipo mjini wiki ya tatu na mabasi yalikuwa ya kuhesabu, na njia nzima alijiambia kwamba pengine ameharibu kila kitu.

Kesho yake saa nne asubuhi, teksi moja ilisimama mbele ya lango la Carama. Jokha alishuka peke yake, katika buibui lake jeusi, mkoba kwapani. Jovithe alitoka kumpokea kwa mikono miwili na kumwelekeza bustanini. Jokha alipita bustani kama haioni. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma, akafika kwenye mlango wa chuma, akaupiga kwa kiganja.

"Marwa!"

"Mama?"

"Fungueni," Jokha akasema.

Jovithe alieleza kwa upole kwamba matibabu yana hatua zake, kwamba siku ya kumi ndiyo mbaya zaidi, kwamba Baba Bader mwenyewe ameacha maagizo, kwamba labda wampigie simu kwanza. Jokha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mwanamke yule, ambaye hajawahi kuonekana amekaa mahali pasipo na mto wala zulia, aliketi chini kwenye saruji, pale pale Mwantum alipokuwa ameketi jana yake, akanyoosha miguu.

"Mi nimekaa. Muite Hamoud, muite polisi, muite redio. Wakija watanikuta hapa, na nitawaonyesha dirisha hili. Mutoto ni wangu, nimemzaa katika mji huu, na nilidanganya mji mzima juu yake. Sidanganyi tena hata saa moja."

Wagonjwa waliokuwa wakilima waliacha majembe wakaja kutazama. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Mwantum alisimama kando. Alijua hii si kazi yake tena. Ilichukua nusu saa. Jovithe alijaribu simu ya Hamoud, haikupokelewa. Mwishowe alitoa ufunguo mfukoni mwake, alikuwa nao muda wote, akafungua.

Marwa alitoka akiziba macho kwa mkono. Alikuwa mwepesi hata mama yake alimwinua kama kifurushi. Alipompita Mwantum alisema neno moja tu, jina lake, na sauti ilikuwa ya kuuliza, kwa sababu hakuwa amewahi kumwona uso.

Wiki moja baadaye chuo kilimwita Mwantum.

Walikuwa wanne mezani: Profesa Moubarak, walimu wawili wanaume, na Lisette mwishoni. Moubarak alikuwa mtu wa tai na faili, msomi wa kweli, aliyeanzisha masta ile kwa jasho lake na kuhangaikia kila kituo kilichokubali kupokea wanafunzi. Vituo vilikuwa vitatu tu. Cha Carama kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

"Bon," alianza. "Tumepokea barua kutoka kwa Mukurugenzi wa kituo. Anasema ulivunja siri ya mgonjwa, ulichochea familia, na, naomba unisamehe, anasema tabia yako ilimfanya ashuku kwamba umerudia kutumia."

"Barua yangu mumeipokea pia?"

"Tutaifikia." Alifungua mtoto wa meza, akatoa kikombe cha plastiki chenye kifuniko cha rangi ya chungwa, akakiweka mbele yake. "Jambo hili linaweza kuisha leo. Choo kiko mwisho wa korido. Madamu Lisette atakusindikiza. Majibu yakiwa safi, jina lako limesafika, na tunamjibu Mukurugenzi kwa nguvu."

Mwantum alikitazama kikombe. Mwilini mwake hapakuwa na kitu ila chai ya asubuhi. Angeweza kwenda, kurudi, na kuwaaibisha wote kwa dakika tano. Alilijua hilo. Lisette alikuwa akimtazama, na macho yake yalikuwa yakimsihi aende.

"Profesa, moduli ya nne ulifundisha wewe mwenyewe. Ulisema kipimo ni chombo cha tiba. Kinafanywa kwa makubaliano ya mugonjwa na anayemtibu, na majibu ni ya mugonjwa. Ulisema kikifanywa kwa kumwogopesha mutu, kinaitwa adhabu. Niliandika. Nina daftari hapa."

"Hii si tiba, hii ni..."

"Ndiyo. Si tiba. Mi siko mugonjwa wenu. Niko mwanafunzi wenu. Kama iko sheria ya shule inayosema wanafunzi wote wapimwe, nionyesheni, na mi nitakuwa wa kwanza kwenye mustari. Sheria iko?"

Mwalimu mmoja alikohoa. Sheria haikuwepo.

"Ni kwa faida yako," Moubarak akasema. "Kusafisha jina lako."

"Jina langu si chafu." Mwantum alikichukua kikombe, akakigeuza juu chini, akakirudisha mezani. "Nikikojoa humu leo, kesho kila mukurugenzi asiyependa fishi yangu ataomba kikombe. Na yule atakayekuja nyuma yangu, aliyetumia kama mi, mutamwekea kikombe mulangoni kabla ya kumpa kiti. Apana."

"Ukikataa, tutaelewa kwamba una kitu cha kuficha."

"Muelewe munavyotaka. Ila muandike kwamba nimekataa, na muandike sababu yangu. Nasubiri. Kalamu munazo."

Hakuna aliyeandika. Lisette ndiye aliyechukua kalamu, akaandika, na katika chumba kile ilisikika nibu ikikwaruza karatasi.

"Sasa barua yangu," Mwantum akaendelea. "Kurasa mbili. Kuna mutu aliyefungiwa na chuo hiki kinatuma wanafunzi wakaongee naye chini ya mulango. Wenzangu wawili kabla yangu waliandika 'chumba cha ushauri', na fishi zao ziko hapa, zimesainiwa, zimepigwa muhuri. Mumezisoma? Mumeuliza mutu yeyote?"

Moubarak alifunga faili. Alisema kikao kimekwisha na kwamba uamuzi utatolewa kwa maandishi.

Uamuzi ulikuja baada ya siku nne. Hakufukuzwa, kwa kuwa hakuna kanuni aliyoivunja. Lakini staji yake ilifutwa, saa zote mia mbili na zaidi zikawa sifuri, na alitakiwa atimize mia sita mpya kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, katika kituo atakachokitafuta mwenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na tano.

Alikaa kitandani na ile barua mpaka ikalowa jasho la mikono. Kisha akampigia Lisette.

"Njoo Ngagara kesho saa moja," Lisette akasema. "Hatuna jengo la maua. Tuna chumba kimoja, na tunagawana na chanjo za watoto. Lakini mlango wake hauna kufuli, umeharibika tangu zamani. Nitakusimamia mimi."

"Na Profesa?"

"Profesa nitaonana naye. Nilikaa kimya mbele ya kikombe kile, Mwantum. Nilitamani uende choo ili nisihitaji kusema kitu. Usiniulize zaidi."

Kwa wiki kumi na tano Mwantum aliamka kabla ya alfajiri, akasali, akatembea kutoka Mutakura hadi Ngagara, akapita kwenye foleni za magari yaliyosimama siku mbili yakingoja petroli, akafika vumbi limempanda mpaka magotini. Aliwasikiliza watu saa nane kila siku, siku tano za wiki, katikati ya vilio vya watoto wanaochomwa sindano. Walikuja makondakta, wake za askari, mwanafunzi wa sheria, bibi mmoja aliyekuwa akimnunulia mjukuu wake dozi ili asiibe. Marwa pia alikuja, akiletwa na mama yake kila Alhamisi, lakini alipokelewa na Lisette. Mwantum ndiye aliyeomba iwe hivyo. "Kwa Marwa mi ni mutu aliyekuwa nyuma ya mulango," alimwambia Lisette. "Anahitaji mutu ambaye hadaiwi shukrani naye."

Jioni aliandika tasnifu. Ilihusu watu waliofungwa na jamaa zao kwa nia ya kuwatibu. Aliwahoji kumi na tisa. Sura ya tano ilimhusu wa ishirini, yeye mwenyewe, na siku zake kumi na moja nyuma ya gereji. Alipoimaliza, alijua hawezi kuipeleka kabla baba yake hajaisikia.

Alimkuta Buyenzi baada ya alasiri, amekaa kwenye kiti cha gari la zamani kilichotolewa, mzee wa miaka sabini na moja, ndevu nyeupe, mikono ambayo mafuta ya injini hayatoki tena. Alimsomea kurasa zote, polepole, akitafsiri Kifaransa kwa Kiswahili. Muzee Rachidi alisikiliza akipangusa spana ile ile kwa kitambaa kile kile. Alipomaliza, mzee akainua macho.

"Umesema 'baba wa mhojiwa'. Muhojiwa ni nani?"

"Ni mimi, Baba."

"Na baba yake hana jina?"

"Ni kanuni. Tunaficha majina kwa kulinda watu."

"Nani alikuomba unilinde?" Aliweka spana chini. "Mi nilifunga mutoto wangu kama mbuzi wa Idi. Mutaa mzima uliona, wakanisifu, wengine wakaja kuazima munyororo. Niliuazimisha, Mwantum. Kwa watu wawili. Mumoja mutoto wake alikufa na munyororo mguuni." Akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Andika Rachidi. Andika fundi wa Buyenzi. Mutu mwenye munyororo nyumbani kwake leo akisoma, asiseme huyo alikuwa mulevi, huyo alikuwa mujinga. Ajue alikuwa mutu wa kusali."

Mwantum alimpa karatasi ya ridhaa, ile ile aliyowapa wahojiwa wengine wote. Muzee Rachidi aliisaini kwa herufi kubwa, na kidole chake kikaacha alama ya mafuta pembeni.

Siku ya utetezi, Moubarak ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa watahini. Ukumbi ulijaa kuliko kawaida, maana habari za kikombe zilikuwa zimeenea. Muzee Rachidi alikaa safu ya nyuma, kofia mpya kichwani. Jokha na Marwa walikuwa kando yake.

Mwantum alizungumza dakika ishirini. Maswali ya kwanza yalikuwa ya kawaida. Kisha Moubarak akavua miwani.

"Sura nne za kwanza ni kazi nzuri sana, nasema bila kuficha. Lakini ya tano si sayansi. Ni ushuhuda. Mtafiti hawezi kuwa jicho na kuwa kidonda wakati mmoja. Ukikubali kuitoa, watahini wako tayari kukupa kumi na sita juu ya ishirini, na kwa alama hiyo mlango wa shahada ya uzamivu uko wazi. Ikibaki, siwezi kuahidi."

"Profesa, watu kumi na tisa walinipa siku zao mbaya kuliko zote," Mwantum akasema. "Kila mumoja aliniuliza, na wewe? Niliwaambia na mi nitaweka za kwangu. Nikiitoa, nitakuwa nimewavua nguo watu kumi na tisa, mi nimebaki na koti. Siitoi. Nipeni alama munazoona."

"Hata kumi?"

"Hata kumi. Kumi inapita, sivyo?"

Watu wakacheka, na Moubarak, pengine bila kukusudia, akatabasamu. Watahini walitoka wakakaa faragha saa nzima. Waliokuwa karibu na mlango walisikia sauti ya Lisette, ambayo kwa kawaida haisikiki, ikipanda. Waliporudi walimpa kumi na mbili. Barua ya kumpendekeza kwa masomo ya juu hakupewa. Alisimama, akashukuru, na nyuma kabisa Muzee Rachidi akatamka takbiri kwa sauti ya msikitini, hata mchungaji, aliyekuwa amekaa mbele yake, akashtuka kisha akapiga makofi.

Kituo cha Carama bado kipo na maua yake. Wanafunzi wa chuo hawapelekwi tena pale. Moubarak alikiondoa kwenye orodha kimyakimya, bila kueleza sababu kwa mtu. Kile chumba kilipakwa rangi na sasa ni stoo, au ndivyo wanavyosema. Marwa alirudia kutumia mara moja, mwezi wa nne, akakaa siku tatu haonekani, kisha akaja mwenyewe Ngagara akabisha mlango usio na kufuli. Siku hizi anakaa dukani. Mteja akimuuliza Jokha habari za Maskati, Jokha humjibu: "Hakwenda Maskati. Alikuwa mgonjwa, anatibiwa, na huyu hapa, muulize bei." Hamoud huinuka na kwenda nje kila anaposikia hivyo. Bado hajazoea.

Mwezi wa tisa Moubarak alimpigia simu Mwantum. Masta ilikuwa ikipokea kundi jipya, na hakukuwa na mtu wa kufundisha namna ya kuzungumza na mgonjwa anayekataa tiba. Alitaka yeye.

"Kuna jambo dogo," aliongeza. "Kuna wazazi wanaolipia watoto wao, kuna wizara. Tunaomba tu usiwaambie wanafunzi habari zako za zamani. Ufundishe kama mwalimu yeyote."

"Asante kwa kunifikiria, Profesa. Apana."

"Mwantum, ni saa thelathini tu za masomo."

"Siku mutakapotaka mutu mzima, si nusu, nambari yangu munayo."

Alikata simu. Alikuwa amesimama kwenye baraza ya nyumba yake, Mutakura, ambako alikuwa ameweka viti sita vya plastiki na kibao chenye jina lake lote na shahada yake. Viti vitano vilikuwa na watu. Aliomba radhi kwa kuwachelewesha, akamwita wa kwanza.